Muhuri Kabla ya Hesabu

Kuna watu Dodoma hadi leo wakiniona wananiuliza kama maji yanapanda au yanashuka, na mimi nacheka nao ili yaishe, lakini ndani naungua, maana aibu ile hakunitia mtu, niliipika mwenyewe kwa mkono wangu wa kulia, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu (au ndivyo nilivyodhani).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anafungua duka, kila mtu anachimba msingi, na mimi nilikuwa mpimaji msaidizi katika ofisi moja ya ujenzi pale mjini, mwanamke peke yangu kwenye chumba cha wanaume sita. Sasa, ugonjwa wa mji wetu siku hizo ulikuwa kimo. Ukitaka kusema mahali fulani pako juu au chini kiasi gani ni lazima uwe na pa kuanzia, na kwetu kila ofisi ilikuwa na pake: watu wa reli walianzia jiwe lao la stesheni, watu wa maji walianzia jiwe lao chini ya tangi, na sisi wa barabara na mitaro tulikuwa na letu. Matokeo yake mlango mmoja wa nyumba moja ulikuwa na vimo vitatu, na kila mwenye chake anaapa kuwa wenzake hawajui kupima. Wakubwa wakakaa vikao mpaka soda zikaisha, wakakubaliana mji mzima uanzie jiwe moja jipya, basi. Kwa ofisi yetu maana yake ilikuwa ndogo kabisa: kila namba kwenye michoro yetu ya zamani ipunguzwe sentimita arobaini, halafu mchoro uliokwisha kupunguzwa ugongwe muhuri wa IMEREKEBISHWA. Kazi hiyo nikapewa mimi, na nikaambiwa nimepewa kwa sababu ni makini.

Muhuri tulikuwa nao mpya. Wino hatukuwa nao. Pedi ya wino ilikuwa moja kwa jengo zima, na aliyekuwa nayo ni Bi. Agatha wa masjala, mama wa Kihaya ambaye pedi ile aliilinda kuliko mkoba wake, na baada ya kumbembeleza siku mbili alinipa Ijumaa moja saa nane, akasema saa tisa anaitaka mezani kwake. Nikarudi chumbani nikaitazama michoro thelathini na kitu imelala pale, nikapiga mahesabu: kuzipunguza namba ni kazi ya wiki nzima, wino ni wa saa moja tu. Basi nikaamua (na hapa ndipo mngenishika mkono, lakini hamkuwepo) nigonge muhuri yote sasa hivi wakati wino upo, namba nitazipunguza taratibu kuanzia Jumatatu. Nikagonga. Nikagonga vizuri, kona ya kulia chini, wala hakuna uliokaa upande. Pedi nikairudisha saa tisa kasoro kumi, na Bi. Agatha akanisifu.

Jumatatu nilifika nikakuta baadhi ya michoro haipo. Bosi, aliyekuwa na haraka ya kuonyesha mkoa kwamba ofisi yetu ndiyo ya kwanza kutumia kimo kipya, alikuwa ameona muhuri, akachukua ile ya kazi za karibu akawagawia mafundi. Mnajua nilifanya nini? Nilikaa kimya. Nilijiambia nitaifuatilia mmoja mmoja kimyakimya, nikaifuata mingi kweli, lakini mmoja wa mtaro wa Area D uligawanywa vipande viwili, kipande cha juu niliwahi kukirekebisha, na cha chini nikajiridhisha kwamba nacho nimekipitia. Sikuwa nimekipitia.

Na mtaro huo haukuwa mtaro wa mtu baki. Ulianzia mbele ya duka la Shangazi Zaituni, dada yake baba, aliyenilea tangu nina miaka minne. Shangazi alikuwa ameuza uji na vitumbua kwa miaka yote ile tuliyokuwa tukipanga foleni ya sukari, na ruksa ilipokuja akasema sasa ni zamu yake. Kiwanja alichopata kilikuwa cha bondeni, uani kwake kuko chini ya barabara, wengine walikikataa. Alinijia kabla hajaweka hata tofali, akaniuliza mara moja tu, maji yatatoka au hayatoki. Nikamwambia, Shangazi, tunachimba mtaro, uani kwako tutatoboa tundu la kuingiza maji mtaroni, na mtaro wenyewe utapimwa kwa kipimo kipya cha mji mzima, leta mzigo. Akaleta. Kila alichokuwa nacho duniani kiligeuka magunia ya sukari, unga wa ngano, tende za mwezi wa Ramadhani uliokuwa unakaribia, na kanga, vyote vimepangwa sakafuni kwenye stoo ya uani.

Aliyekuwa na nafasi ya kuniokoa ni Mzee Ndahani, fundi wetu, Mgogo wa Nzuguni, mtu wa maneno machache. Alijenga kipande cha juu, akapitisha kalavati chini ya barabara, akaanza kipande cha chini kwa mchoro wake, na kwenye kuunganisha akaona sakafu ya mtaro inaruka juu baada ya kalavati badala ya kuendelea kushuka. Alinifuata ofisini na kofia mkononi. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha heshima yote hiyo nikaiharibu, maana nilikuwa na michoro mingine mbele yangu na kichwa kinaniuma.

"Pale barabarani jicho langu linakataa," alisema. "Naona maji yatagoma."

"Mzee, mchoro una muhuri au hauna?"

"Unao."

"Basi fuata mchoro."

Akatikisa kichwa, akaenda, akafuata mchoro. Na kwa kuwa ni fundi kweli, ile ngazi ya sentimita arobaini hakuiacha wazi, aliisakafia kwa saruji ikawa mteremko laini wa kupendeza, ila tu ulikuwa unapanda.

Siku ya uzinduzi ikafika, turubai, viti, mgeni rasmi kutoka mkoani, watu wa reli na watu wa maji wamealikwa ili waone na waone wivu. Mvua za Dodoma hazipangiwi ratiba, kwa hiyo bosi alikuwa ameagiza boza la maji limwagwe mtaroni watu waone yanavyokwenda. Akina mama wa jirani walivyosikia maji yanamwagwa bure, wao wanaoyafuata kwa baiskeli na punda, walikuja na ndoo zao wakakaa pembeni wakinung'unika, na walikuwa na haki. Dereva wa boza alituambia mapema kwamba koki yake ni mbovu, ikifunguka haifungiki mpaka maji yaishe, na bosi akasema ndivyo tunavyotaka.

Nikapewa nafasi nieleze kimo kipya. Jamani, nilieleza. Nilisema zamani kila ofisi ilikuwa na ukweli wake, sasa mji una ukweli mmoja, nikawatazama watu wa reli niliposema hivyo. Shangazi alikuwa mstari wa mbele na kanga mpya, anawaambia majirani huyu ni mwanangu. Koki ikafunguliwa.

Maji yakateremka kwa fujo hadi kalavati, yakaingia, watu wakapiga makofi, wakavuka barabara kwenda kuyasubiri upande wa pili. Hayakuja. Tukasubiri. Mgeni rasmi akatazama saa, mimi nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba yanajaza bomba kwanza (yanajaza bomba, Mungu nisamehe), na wakati nasema hivyo mtoto mmoja ng'ambo akapiga kelele kuwa mtaro unajaa. Tukakimbilia kule, kweli umejaa, na boza bado linatapika, dereva anahangaika na spana, na maji yasipopata pa kwenda yanatafuta, yakalipata lile tundu la uani kwa Shangazi, lile nililolichora mimi kwa upendo, yakaingia nalo kinyumenyume.

Tulitoa tulichoweza. Wale akina mama wenye ndoo ndio waliokuwa wa kwanza kuingia stooni, wanachota maji na kuyamwaga nje, bosi naye akavua koti. Lakini sukari haikusubiri, magunia ya chini yalikuwa yanayeyuka mbele ya macho yetu, na unga ukawa uji mweupe unaotembea sakafuni. Lilipoisha boza, mgeni rasmi, suruali imelowa hadi magotini, akaomba mchoro. Mzee Ndahani akautoa mfukoni, umekunjwa vizuri, akampa. Na pale pale mtu wa reli akachungulia namba, akahesabu kwa vidole, akasema hizi ni za jiwe la zamani.

"Muhuri huu kagonga nani?" mgeni rasmi aliuliza.

Ningeweza kunyamaza tena. Bosi alikuwa anamtazama Mzee Ndahani, na nilijua ikipita dakika moja zaidi lawama zitamwangukia mzee wa watu. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule, mbele ya mtaa mzima, nikasema nimegonga mimi, na niligonga kabla ya kurekebisha, kwa sababu wino ulikuwa wa saa moja tu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilimkuta Shangazi amekaa juu ya gunia lililobaki kavu, anakamua kanga moja moja. Nikaanza kumweleza habari za mawe mawili, na sentimita, na pedi ya Bi. Agatha. Akanikatiza.

"Mimi mambo ya mawe yenu siyajui, mwanangu. Nilikuuliza wewe."

Adhabu ya ofisi ilikuwa barua na kuhamishiwa stoo ya vifaa miezi kadhaa, wala sikumbuki yaliyoandikwa kwenye barua ile. Mtaro ulivunjwa ukajengwa upya, na Shangazi alirudi kwenye vitumbua miaka mitatu kabla hajafungua duka tena. Tangu hapo siweki sahihi wala muhuri kwenye kitu ambacho sijakimaliza, hata iwe orodha ya michango ya harusi, na wenzangu wananiona msumbufu.

Halafu akapata kiwanja kingine, Nzuguni. Niliposikia nilikwenda kwake jioni ile ile kujitolea kukipima, bure, nikiwa na vifaa begani. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniambia ameshampata mpimaji, kijana mmoja wa Kichaga, atakuja Jumamosi. Akaniongezea chai, akasema kijana hana msaidizi wa kumshikia ufito wa kupimia, kama nina nafasi nije.

Jumamosi nilikwenda. Niliushika ufito ule kutwa nzima, juani, umenyooka wima, na namba alizosoma yule kijana alikwenda kumsomea Shangazi.