Noeli Isiyo na Chumvi

Asubuhi ya Noeli, mwaka wa hamsini na tatu, Victorine aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, mapema, akachinja jogoo na kumpika kwa vitunguu, nyanya na ndimu nyingi. Chumvi hakutia. Hata angeitaka asingeipata, maana kopo lote alikuwa amempa jirani yake Edith. Aliujua udhaifu wake, na wa mumewe aliujua zaidi.

Mumewe, Constantin, alikuwa fundi wa reli, mtu wa sauti kubwa na mkono wazi, aliyependwa mitaa yote ya sité Albert pale Elisabethville. Mwezi wa Novemba miguu yake ilivimba hata viatu vikakataa kuingia, na pumzi ikawa inamkatika akilala chali. Alilazwa hospitalini, na ndugu wakaambiwa amesafiri kwa kazi ya reli. Siku ya kutoka, muuguzi Floribert alimvuta Victorine kando na kumwambia bila kuzunguka:

"Mama, moyo ya bwana yako inachoka. Chumvi hapana, pombe hapana, makayabu, ile samaki ya chumvi, hapana kabisa. Umupikie kuku, majani ya lengalenga, matunda. Akirudia tena na maji mu miguu, sijue kama tutamuponyesha."

Tangu hapo Victorine aliogopa kitu kimoja tu: sikukuu. Siku za kawaida unaweza kumlinda mtu. Lakini kuanzia Noeli hadi Bonane, yaani Mwaka Mpya, kila mlango uko wazi, kila sufuria inanukia, na anayekataa sahani anaulizwa ana kinyongo gani. Constantin ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo hapa mjini, na wote wangekuja kula kwake. Tena alikuwa amemkataza mkewe kumwambia yeyote habari za ugonjwa wake.

"Bakijua, dada Chola atanipeleka kwetu Kilwa, ku ziwa Mweru, kwa baganga," alisema. "Kazi itapotea. Na batu batasema nimekuwa muzee. Nyamaza tu, Victorine."

"Basi nitapikia bote bila chumvi."

Constantin alicheka. Alidhani ni mzaha.

Wageni walikaa mezani baada ya misa. Ngosa, mdogo wa Constantin, ndiye aliyetangulia kuonja. Akaacha kutafuna.

"Mulamu," alimwambia mke wa kaka yake, "huyu kuku alibatizwa? Nasikia maji tu."

"Chumvi ilienda misa," akadakia mwingine, "haiyarudia."

Wakacheka, na Victorine akacheka nao, huku akiwamiminia maji.

"Nilitia ndimu mingi, mulamu. Ule polepole, utasikia utamu."

Chola hakucheka. Alikuwa dada mkubwa wa Constantin, amefika jana yake kwa lori kutoka Kilwa na kikapu cha makayabu, samaki wa chumvi wa ziwa la Mweru. Alinawa vidole taratibu na kusukuma sahani mbali. Katika ukoo wao, mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi katika chungu cha watu. Humwita jirani au mtoto amtilie, na asipofanya hivyo husemwa kwamba walaji watapata kifua. Kwa hiyo chakula kisicho na chumvi kilikuwa na maana moja tu, na wanawake wote pale waliielewa kabla Chola hajafungua kinywa.

"Victorine, mu sité muzima ulikosa mutoto wa kukutilia chumvi? Unatupatia chakula ya vile siku ya Yezu, bila haya?"

"Haiko vile, dada."

"Iko namna gani? Sema."

Victorine alimtazama mumewe. Neno moja kutoka kinywani mwake lingetosha. Constantin aliutazama bukari, ugali uliokuwa mbele yake. Hii ndiyo dhambi ya watu wengi wema: hawaui, hawaibi, wananyamaza tu, na mwingine anabeba.

"Sasa najua," Chola akaendelea. "Njo maana ndugu yangu anapumua kama mubio zimemushinda. Ni weye unamulisha buchafu."

Akaondoka, akarudi na sahani ya makayabu aliyoyakaanga mwenyewe kwa Edith, akaiweka mbele ya Constantin.

"Kula, ndugu yangu. Hii imepikwa na mikono safi."

Macho yote yakamwelekea. Akikataa, itambidi aeleze. Akila, maneno yataisha. Akanyoosha mkono, akamega kipande.

"Papa Désiré," Victorine alinong'ona, akimwita kwa jina la mtoto wao, "usikule."

"Ni kidogo tu. Leo ni Noeli."

Hapo Victorine akapiga magoti mbele yake, akashika suruali yake na kuipandisha hadi gotini. Mguu uling'aa kama ngozi iliyowambwa. Akaukandamiza kwa dole gumba, akaliondoa, na shimo likabaki palepale.

"Muone bote," alisema. "Haiko mambo ya damu yangu. Ni moyo yake, na maji. Ku hospitali balikataza chumvi, na yeye alinikataza kusema. Muniite muchafu, munifukuze, lakini ile samaki asikule."

Mke anayemvua mume nguo mbele ya dada yake hana pa kurudi, naye alilijua hilo.

"Leo umeniua kabisa," Constantin alisema. Kipande cha samaki kilimwanguka.

Chola aliinama, akabonyeza mguu naye, akaona. Akapiga yowe kama la msibani, hata majirani wakaja mbio wakidhani mtu amekata roho. Hakumwomba Victorine msamaha. Aliokota makayabu yake, akatoka nayo akilia, na wengine wakamfuata mmoja mmoja bila kuaga. Sahani zikabaki zimejaa, bukari ukiganda.

Wakabaki wawili. Wiki ijayo ni Bonane, na leo hii mji mzima utasikia. Victorine hakuomba radhi, ingawa machozi yalimshinda. Alisogeza kuku karibu na mumewe.

"Kula."

Constantin aliishusha suruali yake, akaegemea ukuta.

"Haina butamu," alisema.

"Njo vile. Ule tu."

Akamega tonge, akachovya, akala. Hakumtazama.