Koti la Tope la Fundi Placide

Nguo isiyopigwa pasi haikuwahi kutoka mkononi mwa fundi Placide wa mtaa wa Rosettenville. Tangu ahame kwao Butembo, hata mkate wa spaza, kile kiduka cha mtaani, huufuata akiwa amenyooka kama bwana harusi. Akina mama wa kanisani humpa kazi kwa sababu hiyo, na jina hilo zuri ndilo linalomlisha.

Basi shule ya bintiye Masika ikaandaa mchezo juu ya Mwingereza wa enzi za Malkia Viktoria, mhandisi wa jeshi aliyehangaika porini na madaraja mpaka akapewa ugavana, atawale nchi za wenyewe. Masika ndiye mwenye kuigiza mzungu huyo. Placide alijitolea kushona makoti yote mawili, la mhandisi na la gavana, akashona huku akiimba.

Kwenye mazoezi mambo yakaharibika. Mhandisi alitokea porini aking'aa, vifungo vya dhahabu kifuani. Alipopewa ugavana hakuna aliyetambua kwamba amepanda cheo, na wanafunzi wakaangua kicheko. Masika alirudi nyumbani macho mekundu.

"Eish, Papa! Huyu mtu alikuwa mu matope kila siku. Uichafue koti yake."

"Nichafue kazi yangu? Wateja wangu wote watakuwa pale!"

"Basi watacheka mimi."

Maneno hayo yalimchoma. Asubuhi ya mchezo alilipeleka koti la mhandisi nyuma ya nyumba, akazunguka nalo weee, kisha akafumba macho na kulitupa topeni. Moyo ulimuuma kwelikweli. Akalikanyaga, akalichana mkono mmoja, akapaka grisi kwenye kola.

Ukumbini alikaa kando ya Mama Hélène, mteja wake mkubwa. Mhandisi akaingia akijikokota, matope mpaka shingoni, na watu wakamwonea huruma. Gavana alipotokea akimeta, ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele. Masika alicheka mpaka akasahau maneno yake.

Mama Hélène akamgeukia fundi. "Baba Masika, ile koti ya gavana najua ni wewe ulishona. Lakini ile chafu ya kwanza, nani aliishona?"

Placide angeweza kunyamaza. Badala yake akasimama, akanyoosha shati, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani:

"Ni mimi, Mama. Na ile chafu ndiyo ilinitoa jasho."