Watu Watatu, Jiwe Moja

Baba yangu ni mbishi. Nasema hivyo kwa heshima zote, na najua akisomewa haya atabisha.

Kwaya ya parokia yetu ilipokwenda kuhiji Roma, tulipitishwa mji wa Florence, tukapewa saa chache za kuzunguka uwanja wao mkubwa. Pembeni mwa uwanja huo kuna ukumbi wa kale usio na ukuta wa mbele: matao matatu marefu, simba wawili wa mawe pale pa kuingilia, na ndani sanamu tupu. Zimesimama hapo karne na karne, hakuna kiingilio, hata njiwa wanaingia watakavyo. Wenzangu wa sauti ya pili waliinamisha macho, maana wengi wa watu wale wa mawe hawana nguo, kisha wakayainua tena taratibu. Mimi nilipiga picha sanamu moja kutoka kila upande, kwa ajili ya baba.

Baba ni mchonga vinyago wa mji wetu mdogo wa Wamunyu. Kwetu mume huchonga na mke hupiga msasa, na hivyo ndivyo wazazi wangu walivyoishi, yeye kwenye gogo lake, mama kwenye kigoda mkono wake wa kushoto. Tangu tumzike mama, baba alikuwa hajagusa tezo. Alisema macho yamechoka. Macho hayohayo yalimwona kuku wa jirani akiingia kwenye kunde kutoka mbali ajabu. Alikuwa anakonda, anaongea kidogo, na sisi watoto tuliogopa kwamba atamfuata mama.

Basi niliporudi nyumbani nikamwonyesha picha. Kijana amemnyanyua mwanamke juu, na chini ya miguu yao kuna mwanamume mzee aliyejikunja, mkono mmoja hewani.

"Huyu wa chini anafanya nini?"

"Ananyang'anywa mke, baba."

Akaisogeza simu karibu na macho. Halafu nikamwambia kuwa wote watatu wamechongwa kwenye jiwe moja, na hapo akafufuka.

"Ati jiwe moja? Mwaitu, wamekudanganya." Huniita mwaitu, mama yetu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Hii mkono ya huyu mama imewekwa baadaye. Angalia hapa kwa kwapa. Kuna gundi."

Lazima nieleze. Kule Wamunyu, twiga wa mti akivunjika sikio hatupwi. Unachanganya gundi na unga wa mbao, unabandika, mke anapiga msasa, na mnunuzi anaondoka akitabasamu. Baba ameufanya ujanja huo miaka mingi hata akaamini kwamba dunia nzima inaishi kwa gundi.

Simu yangu ikawa yake. Aliivuta picha mpaka kioo kizima kikawa kwapa. Mjukuu akipita, alifunika sehemu fulani kwa kidole gumba. Mwishowe akaburuta gogo la mwarubaini hadi kibandani, akaiteremsha tezo.

"Nataka nikuonyeshe haiwezekani."

Niliwapigia ndugu zangu nikawaonya: asithubutu mtu kumsifu. Kazi yetu ikawa kumchokoza. Nilimwambia Wazungu wamemshinda, naye akaninunia mpaka chai ya jioni. Kaka akamwambia apumzike, mti si wa watu wa umri wake. Kesho yake tukaamshwa na tezo.

Mwanamke wake alitoka amevaa leso. Baba alikataa katakata kumchonga mke wa mtu akiwa uchi. Siku ya kuumalizia ule mkono wa mwanamke ulioinuliwa juu, sote tulimzunguka. Tezo ikapita kwapani, ikapita tena. Mkono haukuvunjika. Baba akautazama kwa hasira, kama mtu aliyesalitiwa na mti wake mwenyewe.

"Huu mti ni mgumu sana," alisema. "Jiwe ingevunjika."

Kisha akachukua kipande cha msasa na, bila kugeuka, akakinyoosha kushoto. Mkono wake ukabaki hewani. Sijui nani kati yetu aliyeumia zaidi pale. Nikaketi kwenye kigoda cha mama, nikaupokea msasa.

"Anza na uso ya huyu mama," alisema baadaye. "Polepole."

Nilipiga msasa machozi yakinidondoka kwenye leso ya mti. Ili nisimwaibishe, nikarudi kwenye uchokozi wetu. Nikamwuliza mbona yule mzee wa chini amempa masikio makubwa ya mjomba wetu, mjomba amemkosea nini.

Baba akapuliza vumbi kwenye ule mkono wa mzee.

"Hapana, mwaitu," akasema. "Huyo wa chini ni mimi."