Kifundo cha Mjukuu wa Bi Asumini

Siku yangu ya kwanza kazini Mtwara, mkuu wa kitengo cha fiziotherapia hakunionyesha hata kitanda cha mazoezi. Alinipa ndoo, akanituma soko la samaki nikanunue barafu. Mimi mtu wa Iringa, msomi mpya na koti langu jeupe, nilirudi nanuka vibua.

"Utazoea," aliniambia. "Wachezaji wa huku hawaletwi wameumia tu. Huletwa wameshakandwa."

Nilimwelewa alipoletwa Somoe, binti wa kijiji cha Mtawanya, mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya shule yao. Aliruka kudaka mpira, akatua vibaya, kifundo cha mguu kikateguka. Bibi yake, Bi Asumini, aliyemlea tangu mchanga, alimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Kumbe kano, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, zikichanika, joto la mapema huzidisha uvimbe. Mguu ulikuwa umeumuka kama andazi.

Nilitaka kumkemea bibi. Mkuu akanivuta pembeni. "Usimnyang'anye mjukuu wake. Mikono ile haiwezi kukaa bure, ipe kazi."

Basi nikaipa. Kitambaa cha barafu badala ya maji ya moto, bandeji, mguu juu ya mto. Uvimbe uliposhuka, nilimfundisha kumshika Somoe mikono asimame kwa mguu mmoja, maana kifundo kilichoteguka husahau kujizuia, sharti kifundishwe upya. Kisha kuruka, na kutua magoti yamekunjwa.

"Mwanangu, na hii nayo dawa?" aliuliza Bi Asumini.

"Ndiyo dawa yenyewe, bibi."

Alicheka sana, lakini mazoezi hakuyaacha.

Yakaja mashindano ya kuchagua timu ya mkoa. Somoe alikuwa akiyaota, na bado alichechemea. Mwalimu wa michezo akaenda nyumbani kwao na vidonge vya kutuliza maumivu. "Acheze mechi hii tu," alisema. Nilikuwapo, nimekwenda kumtazama mguu, nikakataa, hakunisikia. Bi Asumini ndiye aliyesimama mlangoni.

"Mguu huu nimeuuguza mie. Hauendi."

Somoe alilia, akamnunia bibi yake hadi msimu wa korosho ukaisha. Iliniuma kuwaona vile, watu wanaopendana.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaosomea fani hii huniuliza najivunia nini, nao hungoja nitaje mashine. Mimi huukumbuka mwaka uliofuata, Somoe aliporudi uwanjani. Bi Asumini alikuja, akakaa kando yangu akiupa uwanja mgongo, kanga usoni, hathubutu kutazama.

"Karuka?"

"Karuka, bibi."

"Katua?"

"Katua."

"Kwa mguu upi?"

Nilitazama vizuri kabla ya kumjibu. "Kwa yote miwili."

Ndipo akageuka.