Nati Nne za Khushkadam

Mtaani kwetu Khorog, mji wa milimani huku Tajikistan, wanasema mume wangu ndiye aliyemuua kaka yangu. Wanasema kwa kunong'ona, lakini mimi si kiziwi.

Khushkadam ni fundi wa magari, na ubishi wake ni mmoja tu: nati za mbele. Mafundi wengine hubadilisha bushi, zile raba za kwenye maungio ya mkono unaoshika tairi, wakakaza kila kitu gari likiwa bado juu ya jeki, wakanawa mikono. Yeye hataki. Gari likining'inia, anasema, mkono wa tairi unakuwa umelegea kwa chini. Ukiukaza hapo, mpira wa bushi unabaki umejinyonga, na haumalizi mwezi, unachanika. Kwa hiyo nati huzishikiza kwa vidole tu, akalishusha gari, akalipakia magunia ya viazi, akalisukuma mbele na nyuma mpaka likae sawasawa. Ndipo huingia uvunguni na spana ndefu. Wenzake humcheka. Hata mimi nilimcheka, maana viazi ni vyangu.

Siku ile gari la kaka yangu Oshurbek lilikuwa limeshashushwa, magunia yamo ndani, wakati bibi Gulandom wa nyumba ya juu alipokata roho. Mtaani kwetu kilio kikisikika, hakigongwi chuma tena. Kila mtu huacha kazi ilipofikia. Khushkadam alijifuta grisi, akanipa ufunguo.

"Mama Savsan, gari lisiguswe. Nati nne sijazikaza."

"Nimesikia. Nenda, wachimba kaburi wanakungoja."

Nilisikia. Asije mtu akanitetea kwamba sikusikia.

Haikupita saa, Oshurbek akaingia mbio. Binti wa marehemu alikuwa amekwama bondeni, kwenye daraja, na maziko yalikuwa alasiri hiyo hiyo.

"Dada, lete ufunguo."

"Shemeji yako hajamaliza."

"Hajamaliza nini? Si hilo limesimama kwa matairi yake! Lingekuwa bado, lingekuwa juu ya jeki."

"Kasema nati hajazikaza."

"Huyo naye! Nati anazibembeleza kama anaposa. Dada, nafika darajani tu. Unataka mwenzio asimwone mama yake?"

Nikampa. Tena nilimsaidia kushusha magunia.

Barabara yetu inafuata mto Gunt. Kwenye kona ya tatu, mkono wa tairi la mbele la kushoto ulichomoka, tairi likalala, gari likaingia majini. Tulimpata kesho yake.

Kwenye maziko ya Oshurbek mama yangu alimkabili mume wangu mbele ya wanaume wote. "Umemwachia mwanangu gari bovu!" Watu wakamgeukia, wakimngoja ajitetee. Nami nilikuwa pale, nikingoja anitaje.

"Nilisahau kuwaambia nyumbani, mama," alisema. "Kosa ni langu."

Huu ni mwaka wa sita. Wateja wamehamia kwingine, na mama hapokei hata mkate kutoka mkononi mwake. Majira ya kuchipua yaliyopita nilishindwa kuvumilia, nikavaa koti, nikamwambia Khushkadam naenda kwa mama kusema ukweli.

"Mtoto mmoja keshamzika," alinijibu. "Muache abaki na mwingine."

Nikavua koti langu, nikaketi. Na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi.