Salamu ya Mkono Wenye Grisi

Nianze na hili ili tusisumbuane: sikuwa nimelewa. Wala sikuwa nimetoka zamu ya usiku, maana najua mtaniuliza. Nililala vizuri kwenye hema, nikaamka na akili zangu zote, na jambo lenyewe likanipata asubuhi, watu wakiwa macho wanakaanga mayai. Mimi ni nesi. Nimeosha maiti, nimekaa nao peke yangu nikingoja watu wa mochari, na sijawahi kuona hata kivuli. Kwa hivyo mtu akiniambia yalikuwa mawazo tu, ninamwacha aseme, halafu namuuliza habari za watoto wake.

Baba yangu alikuwa fundi wa pikipiki Nakuru. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko, na vijana wa mbio za vumbi walikuwa wanamletea mashine zao kutoka mashamba ya mbali. Nikitoka shule lazima nipitie pale. Sasa, kwetu mtu mwenye mikono michafu hakupi kiganja. Anakunja ngumi, anakunyooshea kifundo cha mkono, nawe unashika hapo. Sikumbuki baba akinipa kiganja siku ya kazi. Nilikuwa nashika pale pale, juu ya kovu lake la kuchomwa na ekzosi, bomba la moshi, lilikuwa laini sana lile kovu. Halafu ananiuliza kama nimekula. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, miaka nenda miaka rudi.

Alifariki mimi nikiwa huku Sydney. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, na ningeondoka nisingeruhusiwa kurudi. Mazishi niliyatazama kwenye simu, katika chumba nilichopanga Bankstown, picha ikikwama kila mara. Ndugu zangu walitupa udongo kaburini, mimi nimeshika simu. Mikono hii inashika wagonjwa kutwa, lakini baba yangu sikumshika. Iliniuma, na iliendelea kuniuma hata makaratasi yalipotoka.

Ndiyo sababu ya ile pikipiki. Nilipohamia Campbelltown niliikuta kwenye banda la mzee mmoja jirani, ya njano, ya miaka ya sabini, injini yake ni ile ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli. Aina ile ile aliyokuwa akiitengeneza baba. Mke wangu aliizunguka, akaniuliza kama jalala limefungwa siku hizi. Nikaisukuma mpaka gerejini. Wanaume wengine hununua makochi.

Basi miaka ile ya kabla ya korona kulikuwa na wikendi ya mbio za pikipiki za zamani, kwenye shamba moja mbele ya Campbelltown. Watu wazima wenye vitambi wanakuja na mashine za ujana wao, wanavaa kofia na miwani ya enzi hizo, wanakimbizana kwenye udongo siku mbili, kisha Jumatatu wanarudi ofisini wakichechemea. Baraka, rafiki yangu Mkongo ninayesali naye, alinibebea pikipiki kwenye gari lake. Yeye alifikiri ni mchezo. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba nikimaliza mbio moja tu juu ya mashine ile, hayo ndiyo yatakuwa mazishi ya baba niliyohudhuria. Nitakuwa nimemuaga mzee.

Jumamosi ilikataa kuwaka. Niliipiga kiki mpaka goti likavimba. Jumapili asubuhi ilikuwa imebaki mbio moja ya daraja letu, ukungu umelala shambani, wenzangu wanasukuma mashine zao kwenda kwenye mstari. Baraka alikwenda kutafuta kahawa. Nikabaki napiga kiki na kuitukana ile pikipiki kwa Kikuyu, lugha ambayo huku inanifaa kwa kazi hiyo tu.

Ndipo mtu akatokea kwenye ukungu. Mrefu, ovaroli la buluu, kofia ya zamani ya kuacha uso wazi, miwani ya vumbi, na leso imefungwa puani. Ungeshangaa? Mimi sikushangaa. Siku hiyo kila mtu alikuwa amevaa hivyo. Nilipoona ni Mwafrika nilidhani ni mmoja wa Wakongo wenzake Baraka.

"Imekataa?" akaniuliza.

"Imekataa, mzee. Tangu jana."

"Usiilazimishe. Imekunywa sana. Toa plagi."

Nikatoa. Ilikuwa imelowa petroli chapachapa. Akaipangusa kwa pindo la ovaroli, akaniambia nipige kiki bila plagi ili injini iteme, nikapiga. Akairudisha mwenyewe kwa vidole. Kisha akachukua bisibisi yangu, akaweka ncha yake kwenye injini, ingawa bado imezima, na mpini sikioni chini ya kofia, akafumba macho. Nilipoona hivyo nikacheka. Mafundi wa kwetu wote husikiliza hivyo, nikasema moyoni, huyu kweli ni fundi.

"Sasa."

Kiki moja. Iliwaka. Moshi wa oili ukanifunika, ule moshi wa buluu mtamu, na jamani, nilirudi Nakuru. Nilisikia soko. Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Sijui ni lini nilikuwa nimefurahi namna ile.

Nikamnyooshea mkono wa kulia, wa kushoto ukizungusha eksileta kwa shida ili moto usizime. Yeye akakunja ngumi, akanipa kifundo cha mkono. Hakuna mtu Sydney aliyewahi kunisalimu hivyo. Nikashika.

"Umekula?" akauliza.

Niaminini, vidole vya nesi haviombi ruhusa. Vilikwenda vyenyewe mahali pa kupimia mapigo ya moyo, na mapigo hayakuwepo. Nikabonyeza zaidi. Hakuna kitu. Mkono wenyewe ulikuwa umenona, baridi kama kitu kilichotoka mtungini, na chini ya kidole gumba changu kulikuwa na kovu laini.

Nikaachia. Mungu anajua, nikaachia kama mtu aliyeshika makaa. Nikarudisha mikono yote miwili kwenye usukani, nikatazama chini, na nilipoinua macho palikuwa na moshi na ukungu tu.

Baraka akaja amekumbatia vikombe vitatu. "Yule papa ameenda wapi?" akaniuliza, kwao papa ni mzee. "Nimeona muko wawili, nikaleta na yake." Nikaendelea kuzungusha eksileta. Kahawa ya tatu aliiweka juu ya boksi la vifaa, na ikapoa pale.

Mbio nilimaliza. Wa mwisho, kwa mbali, waandaaji wameshaanza kukunja kamba. Nililia ndani ya kofia mzunguko wote wa mwisho, na aliyenipigia makofi ni Baraka peke yake.

Jioni nilimpigia mama. Nilimweleza yote. Baba alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kumkausha, siku za mwisho mama alikuwa anambeba kama mtoto.

"Alikuwa amekonda?" akauliza.

"Hapana, mama. Mkono ulikuwa umejaa."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Na alipokuuliza kama umekula, ulimwambia nini?"

Baba alikuja mpaka huku, akaniwashia pikipiki, akaniuliza neno moja, mimi nikampima mapigo.

Tangu siku ile, kazini ninashika vifundo vya mikono ya wagonjwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Mashine ya kupima ipo, najua. Wengine hunitazama vibaya. Na Jumamosi nikiiwasha ile pikipiki gerejini, ninasema kwa sauti, nimekula baba, hata kama sijaweka kitu mdomoni, na mke wangu amekoma kuniuliza naongea na nani.

Wewe unayenisikiliza, nina neno moja la kukuonya. Siku ukipewa mkono na mtu usiyemtegemea, usiharakishe kuuachia. Na akikuuliza kama umekula, mjibu. Mjibu kwanza, uogope baadaye.