Upepo Uliotupita

Asubuhi ya pili baada ya upepo ule, kijiji chetu chote cha Ganako kilinuka majani mabichi ya mahindi yaliyopondwapondwa. Harufu yenyewe ilikuwa tamu kidogo, kama ya shamba linalopaliliwa, ila ilichanganyika na udongo uliolowa na utomvu wa mikaratusi iliyokatika. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, nami nilikuwa darasa la pili. Nyumba yetu ya miti na udongo, iliyoezekwa kwa nyasi, ilikuwa upande huu wa korongo. Upande wa pili, mahali ambapo mtu akiita unamsikia, walikaa akina Paskalina, rafiki yangu niliyetembea naye kwenda shule kila siku.

Siku ya upepo tulikuwa wote kwetu mchana, tukipukuchua mahindi ya kupeleka mashineni. Wingu lilitokea upande wa msitu wa Ngorongoro, jeusi, limeshuka chini kuliko nilivyowahi kuona. Mama alisimama mlangoni akalitazama, kisha akasema, "Paskalina, mwanangu, kimbia nyumbani kabla mvua haijakukuta. Mama yako atahangaika." Paskalina alikung'uta gauni lake, akaniambia nimbakizie mahindi machache tumalizie kesho, akateremka korongoni mbio.

Hata sijamaliza hindi nililoshika, upepo ulifika. Baba aliegemeza mgongo mlangoni na kutuamuru tulale chini. Mvua ya mawe ilipiga, nyasi za paa zikawa zinahema juu yetu, mbuzi wakalia kwenye zizi, kisha ghafla kukawa kimya. Paa letu lilikuwa limepoteza nyasi za kujaza kikapu kimoja tu. Hata kuku walikuwa wazima. Mama alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya udongo, akasema kwa sauti, "Asante Mungu, umetunusuru sote." Nikaitikia amina. Bado tulikuwa tumepiga magoti tuliposikia mama yake Paskalina akilia ng'ambo ya korongo.

Upepo ulikuwa umeng'oa paa lao, na ukuta wa upande wa jiko ukaanguka ndani. Paskalina alikuwa ndiyo kwanza ameingia. Baba yangu na baba wa Paskalina walifukua udongo kwa mikono. Nilikatazwa kuvuka, kwa hiyo nilichokiona ni mama akishuka korongoni taratibu, amebeba kanga yake mpya ambayo hakuwa amewahi kuivaa. Aliporudi hakuwa nayo.

Baada ya mazishi, wazazi wa Paskalina na wadogo zake wawili walihamia kwetu. Mama aliwapa kitanda chake, akalala nasi chini kwenye ngozi. Ng'ombe wetu mmoja tu ndiye aliyekuwa na maziwa, na watoto wale walikunywa kwanza. Lakini mama mwenyewe alikuwa hali chakula. Siku ya tatu, akichambua mboga uani na mama Paskalina, nilimsikia akisema bila kuinua macho, "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Angebaki hapa, angekuwa mzima."

Mama Paskalina aliendelea kuchambua mboga. "Mama Veronika," alisema mwishowe, "Veronika angekuwa kwangu, ningemwambia hivyohivyo." Kisha wote wawili walilia, na mboga siku hiyo haikupikwa.

Jumapili, katekista aliwaomba wote ambao nyumba zao zilisalimika wasimame wamshukuru Mungu. Karibu kanisa zima lilisimama. Baba alisimama. Nami nilianza kuinuka, lakini mama alinishika mkono akanirudisha chini. Alikuwa ameketi bega kwa bega na mama Paskalina, macho mbele, wala hakujali watu waliogeuka kumtazama. Njiani baba alimuuliza kwa upole kama ana ugomvi na Mungu. "Sina," mama alijibu. "Nimemshukuru nimekaa. Ningesimama, yule angebaki chini peke yake."

Wazazi wa Paskalina na wanao walikaa kwetu hadi baada ya mavuno, mavuno yenyewe yakiwa mabaya, na nyumba yao mpya tuliijenga pamoja. Mama hakusali tena kwa sauti mbele yao. Mimi nilienda shule peke yangu mwaka mzima, na kwa muda mrefu nilijiona mwizi kwa kuwa hai.

Leo Ganako nyumba ni za matofali na bati, na upepo wa namna ile hautusumbui sana. Wajukuu zangu wametawanyika mijini. Kukitokea mafuriko au kimbunga huko waliko, hawachelewi kunipigia simu: "Bibi, sisi tuko salama, mshukuru Mungu." Namshukuru, na kwa moyo wote. Halafu nawauliza majirani zao wameamkaje. Mara nyingi hawajui hata majirani hao wanaitwa nani.